Mti wa Protasi

Mama yangu, Hildegardi, aliteremka kutoka Mapera kuja kuolewa Lundo kiangazi cha mwaka 1938, kikapu kichwani na jembe mkononi. Nguo zake alibebewa na shangazi yake. Watu wa huku ziwani waliouona msafara ule waliusimulia mpaka uzeeni: bibi harusi katoka mlimani, jasho linamchuruzika, hataki mtu aguse kikapu chake, na ndani ya kikapu hamna hata unga. Mlikuwa na viazi vya maua ya dalia vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba, vijiti vya waridi, na mche mmoja wa msaipresi wenye urefu wa kiganja.

Msimcheke sana. Mama alikuwa amefanya kazi katika bustani ya Masista tangu ana miaka kumi na miwili, na aliyemfundisha alikuwa Bruda Othmar, Mjerumani mwenye viatu vikubwa na Kiswahili cha kuamrisha tu. Bruda huyo hakukubali mtu apande mti kwa kuupenda mche. Kwanza alimchukua msichana mmoja, akamsimamisha pale mti utakapokaa, akamwambia anyooshe mikono pande zote mbili. "Wewe mti mzee sasa. Simama!" Wengine wakarudi nyuma kutazama. Je, mti huo utaziba dirisha? Utawanyima kabichi jua? Jioni utatupa kivuli kwa nani? Wakisharidhika, ndipo shimo lilipochimbwa. Mama alisimama kama mti mara nyingi kuliko wenzake kwa sababu alikuwa mrefu, na hakuona aibu kulieleza hilo kama mtu anayeeleza shahada yake.

Basi alifika Lundo akijua kuchagua. Alichokuwa hajui ni Lundo.

Kule kwao Wamatengo hulima kwa ngolo. Majani yanalazwa, udongo unafukiwa juu yake, katikati linabaki shimo, na mlima mzima unaonekana umejaa vishimo. Majani yakioza chini kwa chini, udongo unanona, na mvua haiwezi kuutelemsha. Ni kazi nzuri, na mimi damu yangu nusu ni ya huko, sitaisema vibaya. Lakini mama aliichukua ngolo kama ilivyo, akaichimba kwenye mchanga wa ziwani, mbele ya nyumba ya mama mkwe, kwa ajili ya maua. Akalaza majani, akafukia, akamwagilia asubuhi na jioni. Dalia zikaoza. Waridi likaungua kwa jua. Msaipresi ukaliwa na mbuzi wa jirani Pankras, ukaisha kwa tonge moja. Vyura ndio waliostawi.

Mama mkwe huyo ni bibi yangu, Avelina. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kukausha usipa, wale dagaa wa ziwani, wengi kuliko wanawake wote wa upande ule, na maneno machache. Aliviangalia vile vishimo, akaviangalia vyura, akasema, "Mwali, huku kwetu maji tunayo ziwani." Kisha akaenda zake. Mama aliniambia kwamba alilia siku ile, lakini pia alicheka, kwa hiyo mambo hayakuwa mabaya bado.

Yaliharibika mwezi wa nane.

Baba yangu, Placidi, alikuwa katekista. Paa la kanisa dogo la kigango lilikuwa limeezuliwa na mwera, ule upepo mkali wa ziwani, na Padre akaleta habari kwamba Misa ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni ataisomea uani kwetu. Baba akajibu kwamba hakuna shida, mke wake ni mtu wa bustani, ua utapendeza. Kisha akaenda vijijini kufundisha. Bibi naye akaenda Ngumbo kumwona dada yake mgonjwa. Mama akabaki peke yake na siku tisa, mchanga, na heshima ya mume wake.

Safari hii alitumia akili. Alizunguka ua siku nzima akitazama tu: jua linapita wapi, mbuzi wanalala wapi, mwera unapiga kona ipi, maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa wapi. Alipita kwa majirani akaangalia nini kinaishi bila kubembelezwa. Akapata vipande vya mnyaa vya kufunga upande wa mbuzi. Akapata mashubiri ya kupanga kando ya njia, maana yale hata ukiyasahau hayakasiriki. Kwa mke wa Pankras aliomba mizizi ya kana, maua yenye majani mapana, akaipanga pale yanapomwagwa maji ya vyombo. Virefu nyuma, vya wastani katikati, vifupi mbele, kama alivyofundishwa. Ikabaki kasoro moja tu. Pembeni mwa jiko palikuwa na mti wa kijivu, uchi kabisa, matawi manene yenye vichwa butu. Hauna jani moja. Mama aliuzunguka, akaukwaruza kidogo kwa ukucha, akaona ganda la kijivu. Huko alikokulia, miti ya Masista ilikuwa ya kijani mwaka mzima. Mti usio na jani ni kuni.

Akaung'oa.

Ulipokatwa ulitoa maziwa. Hapo namlaumu mama, na nilimlaumu usoni akiwa hai, kwa sababu mti mkavu hautoi maziwa, na yeye macho alikuwa nayo. Alisema alidhani ni utomvu wa sumu kama wa mnyaa, akazidi kufurahi kwamba anauondoa mlangoni. Shina alilitia jikoni, likafuka moshi siku mbili bila kuwaka vizuri. Matawi yalikataa kabisa kuungua, akayatupa nyuma ya ghala la muhogo. Mahali ulipokuwa mti akapafagia pakawa peupe.

Misa ilisomwa. Padre alisifu. Baba alitembea siku ile kama amejenga Roma. Nikisema kwamba hakuona kuwa mti haupo, ndugu zangu wanasema namsingizia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kukumbuka jambo wiki moja baada ya kuhitajika.

Bibi alirudi kesho yake adhuhuri. Mama alimpokea nje, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alikuwa anatazama pembeni mwa jiko. "Mti uko wapi?"

"Upi, mama?"

"Uliokuwa pale."

"Ule uliokauka? Nimeung'oa, mama, Padre asije akaukuta."

Bibi alitua mzigo wake chini polepole. "Haukukauka," akasema. "Kiangazi huwa unalala."

Kisha akakaa pale pale kwenye mchanga, mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana amekaa kabla ya jua kuzama. Ni shangazi yangu Ottilia, dada wa baba, aliyemweleza mama ni mti wa nani.

Bibi alikuwa na mtoto wa kwanza, Protasi. Alipozaliwa, kitovu chake kilifukiwa pembeni mwa jiko, na juu yake bibi akachomeka tawi aliloletewa na dada yake kutoka Ngumbo, la mti wenye maua meupe, katikati njano, yenye harufu inayoingia mpaka ndani ya chungu. Hakuna nyumba nyingine Lundo iliyokuwa nao. Mwaka 1931 Protasi akaondoka na vijana wenzake kwenda kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga. Wenzake walirudi. Yeye alituma barua moja, iliyoandikwa na mtu mwingine, kisha kimya. Bibi hakuvaa kaniki ya msiba wala hakuruhusu mtu amwombee kama marehemu. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha na mti ukitoa maua, aliwaambia watu wa nyumbani, "Protasi kaamka," akapika ugali wa sherehe na samaki mkubwa, wakala. Hiyo ndiyo habari pekee aliyokuwa nayo ya mwanawe, na mama yangu alikuwa ameitia jikoni.

Tangu siku ile bibi hakusema na mama neno moja. Hakumtukana, hakumnyima chakula. Alisema naye kwa kupitia watu. "Placidi, mwambie mkeo chumvi imekwisha," na mkewe amekaa hapo hapo, magoti yao yanakaribia kugusana. Baba asipokuwepo alimwambia kuku. Leo nacheka nikisimulia, ila mama hakucheka. Alisema hakuna kitu kilichowahi kumuumiza kama kusikia kuku akiambiwa kwamba maji ya kuoga yamechemka.

Alijaribu kutengeneza. Siku ile ile alichukua tawi moja la ule mti, bado linatoka maziwa, akalirudisha kwenye shimo la zamani. Na kwa kuwa alilipenda kwa moyo wote, alilifanyia kila alichokijua: akalaza majani chini, akafukia, akaacha bakuli la kushika maji, ngolo kamili, akamwagilia asubuhi na jioni kwa miezi miwili. Bibi alimwona akipita na ndoo na hakusema kitu. Mwezi wa kumi tawi likawa jeusi. Mama alilishika, likabonyea kama ndizi mbovu, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokufa kweli.

Novemba mawingu yakaanza kukusanyika juu ya milima. Watu wote wanafurahia mawingu, wana mbegu zao. Mama aliyaogopa. Mvua ya kwanza ingefika, bibi angetoka nje na kutazama pembeni mwa jiko, na pasingekuwa na kitu. Aliona hawezi kuwa ndani ya ua ule siku hiyo. Asubuhi moja, bibi akiwa kwenye vichanja vya usipa, mama alifunga nguo zake katika kile kikapu cha maua. Atapanda mlima arudi Mapera, na mume akimtaka atamfuata. Mimi nilikuwa tumboni, mwezi wa tano, sikuulizwa.

Lilibaki jembe. Lilikuwa la baba yake mzazi, hakuweza kuliacha. Akakumbuka ameliegemeza nyuma ya ghala.

Alianza kuisikia harufu kabla hajapinda kona. Mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Pale alipoyatupa miezi mitatu iliyopita, yale matawi yalikuwa bado yamelala juu ya mawe makavu, yamekunjamana ngozi, hayakupandwa, hayakunyweshwa, hakuna aliyeyaangalia. Na kwenye ncha ya tawi moja kulikuwa na shada la maua meupe, matano yamefunguka, mengine yamefumba.

Mama alisahau jembe, akasahau kikapu. Alilichukua lile tawi kwa mikono miwili, akaenda nalo mpaka vichanjani mbele ya wanawake wote, akapiga goti. Akamnyooshea. Bibi alijifuta magamba ya usipa kwenye kanga, akalipokea. Akalitazama upande wa chini, pale lilipokatwa, palipokauka na kuwa pagumu kama kisigino. Akalitazama upande wa maua.

"Halikupewa maji," bibi alisema.

"Hapana, mama."

"Wala udongo."

"Hapana, mama. Nililitupa."

Bibi aliligeuza tawi tena. "Basi na yeye huko aliko," akasema, "yuko hivi."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1931, na mama akalia naye, na usipa wa siku ile waliliwa na kunguru. Walipomaliza, bibi alimwangalia yule mkwe wake kuanzia kichwani mpaka miguuni. Sijui kama alijua habari ya kikapu. Alisema, na kuku hakuwa karibu, "Bruda wako alikufundisha kuchagua mahali. Nichagulie."

Mama hakuchagua pembeni mwa jiko. Alimchukua bibi mpaka mbele kabisa ya ua, pale njia ya kutoka mlimani inapotokea kwenye miombo na mtu anaiona Lundo kwa mara ya kwanza. Anayetoka Songea hupita hapo, na anayetoka Mapera hupita hapo; mama alipita hapo na kikapu chake. Akamwambia, "Mama, nyoosha mikono."

"Ninyooshe mikono?"

"Uwe mti."

Bibi Avelina, ambaye wanaume wazima walimpisha njia, akasimama kwenye mchanga na kunyoosha mikono. Mama akaenda mpaka kwenye miombo, akageuka, akatazama. Akamwashiria asogee kushoto kidogo, ile minyaa isimzibe. Akatazama tena. Wanawake wa vichanjani walikuwa wamekuja wote, hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi alisimama vile, mikono imenyooka, uso kwenye njia, mpaka mama aliporidhika.

Bibi naye akamfundisha lake: kata, weka kivulini siku saba kidonda kikauke, chomeka kwenye mchanga mkavu, kisha usiuguse. "Huu ukiupenda sana unaoza," alisema. Mama aliweka mikono nyuma mwezi mzima ili asimwagilie. Mti ukashika. Nilipozaliwa Aprili, bibi alifukia kitovu changu mwenyewe, akachomeka juu yake tawi jingine kutoka nyuma ya ghala. Shina lile la njiani likawa refu, na kila mama ambaye mwanawe alikwenda mkongeni, au baadaye vitani, alikuja kuomba tawi. Hildegardi hakumnyima mtu. Aliwafuata mpaka majumbani mwao, akawasimamisha mikono imenyooka, akawachagulia mahali.

Mwaka 1950, wiki moja kabla ya Krismasi, mwanamume mmoja alitokea kwenye miombo akichechemea. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa nafagia njia. Alisimama chini ya mti wetu bila kuniona. Alikuwa akitazama Lundo, na Lundo nzima ilikuwa nyeupe kwa maua. Nilimwamkia, akaniitikia kwa mbali, akapita nyumba yetu, akaingia kwa Pankras.

Baadaye alitueleza. Miaka kumi na tisa, mkongeni, kisha kubeba mizigo ya vita, kisha kuugua mguu na kuona aibu kurudi mikono mitupu, alikuwa na jambo moja kichwani: nitaijua nyumba yetu kwa ule mti pembeni mwa jiko, hakuna mwingine Lundo. Sasa kila mlango ulikuwa nao, na pembeni mwa jiko letu haukuonekana. Aliingia kwa Pankras akakuta mti dirishani, akaita mama, akatoka mama wa Pankras. Akaingia nyumba ya pili, ya tatu. Kila alipoingia palitoka mwanamke, na kila mwanamke alidhani ni wake. Walipojua ni nani, walimfuata. Alipofikishwa uani kwetu alikuwa na wanawake sita nyuma yake, wanalia wote, kila mmoja kwa sababu yake.

Bibi alikuwa kwenye kigoda, akipepeta mahindi. Hakusimama. Protasi aliinama akamshika mikono, wakakaa vile, na sisi wengine tukatazama chini.

Mtu akitoka mbali, macho yake hutafuta vitu vya zamani. Alipoweza kusimama, Protasi alikwenda pembeni mwa jiko. Akakuta kana za mama, nyekundu, zinastawi kwenye maji ya vyombo. Akazunguka, akarudi.

"Mti wangu," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kila nyumba inao. Kwetu pale umeng'olewa. Nani aliung'oa?"

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Miaka kumi na miwili hakuna aliyelitaja jambo lile ndani ya ua wetu. Niliona uso wake ukiwa wa kijivu. Alifungua mdomo, akapiga hatua mbele.

"Mimi," alisema bibi.

Alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Mimi niliung'oa. Mahali pale palikuwa pabaya, mtu wa njiani hauoni. Huyu mwanangu Hildegardi akanichagulia pazuri." Akarusha mahindi, akayadaka. "Umepita chini yake ukija. Haya, mwanangu, mpe kaka yako maji."

Mama alikwenda kuchota maji. Alikaa mtungini muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji, na nilipomfuata alinigeuzia mgongo, akaniambia niende nikamalize kufagia njia.